Kushika Mkia

Barua ilifika Jumatatu. Niliisomea jikoni,
viatu vya theluji bado mguuni,
maji yakichuruzikia zulia alilolifua Dwight juzi.
Kampuni kubwa inanitaka.
Jibu kabla ya Ijumaa, saa sita mchana.

Miaka kumi na saba narusha ndege ndogo:
viti sabini na sita, vyoo viwili,
Bismarck hadi Minneapolis, Minneapolis hadi Minot,
Minot hadi popote wakubwa wasipotaka kwenda.
Rangi ya ubavuni ni ya kampuni kubwa.
Mshahara ni wa kampuni ndogo.
Abiria hawajui. Wakishuka hunishukuru
kwa jina la wengine.

Lakini huku mimi ni namba thelathini na moja.
Kwetu marubani, namba ndiyo umri,
ndiyo ukoo, ndiyo uzuri wa sura.
Kwa namba hiyo nalala kitandani mwangu,
Krismasi naipata,
na Tessa akicheza magongo barafuni
nipo kwenye benchi, nimekumbatia chupa ya chai, napiga kelele.
Huko nitakuwa namba elfu kumi na nne, mia mbili na nane.
Kushika mkia, na miaka yangu arobaini na minne!
Kiti cha kulia. Newark. Simu mkononi.
Chumba cha vitanda vinane na watu wazima tisa,
nikiomba mwenzangu mmoja augue mafua
ili nami nipate safari.

Teo Lindgaard ananiandikia kutoka Osaka.
Teo! Nilimfundisha mimi kutua Williston
upepo ukipiga ubavuni,
nikamwambia usipigane nao, uegemee,
naye akatoka jasho hadi kola ikabadilika rangi.
Aliondoka wakati wa mafuriko,
walipoajiri kila mwenye leseni na mapigo ya moyo.
Sasa amenitangulia kwa watu elfu sita
na atanitangulia mpaka siku ya kustaafu.
"Njoo upesi, Corliss, mlango unafungwa.
Wa Jumanne atampa wa Jumatatu shikamoo
maisha yake yote."

Milango naijua.
Ulipofungwa mara ile niliuza matairi
kwenye gereji ya shemeji yangu, miezi kumi na tisa,
sare ikining'inia kabatini
kama mgeni aliyesahau kuaga.
Walioachishwa kwanza walikuwa wa mkiani.
Huwa ni wa mkiani.

Dwight anasema, "Ni juu yako,"
na hiyo ndiyo namna yake ya kusema usiende.
Kikokotoo kinasema nenda: imebaki miaka ishirini na mmoja,
pesa mara mbili, baadaye mara tatu.
Baba, aliyepulizia ngano dawa maisha yake yote
akikwepa nyaya za umeme,
anasema ndege ni ndege, kisha anaomba chumvi.
Ndege mmoja mkononi, walisema wahenga,
ni bora kuliko kumi mtini.
Wahenga hawakuwa na pensheni ya kupigia hesabu.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi,
nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Lori linayaogesha mabawa dawa ya rangi ya chungwa,
mvuke unapanda, kioo kizima kinapofuka.
Msaidizi wangu ana wiki ya tatu kazini.
Amrit, miaka ishirini na minne, deni la shule
kubwa kuliko nyumba yangu.
Anauliza bila kunitazama:
"Kweli wakubwa wamesimamisha kuajiri?"
Namwambia, soma orodha ya ukaguzi.
Anasoma, najibu. Anasoma, najibu.
Sauti yake inatulia kidogo kidogo,
kama injini inayopata joto.

Simu yangu imezimwa, imo mfukoni, imelalia moyo.
Nabonyeza kitufe cha kuzungumza na abiria.
"Habari za asubuhi. Kapteni wenu leo ni..."
nasema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi
nalisikia neno hilo,
nanyamaza kidogo zaidi ya kawaida,
Amrit anageuka kunitazama,
kisha nataja jina langu.